Lakrori ya Marisel

Korçë,
14 Oktoba.

Mpendwa Kaka Sotir,

Pokea salamu za nyumbani. Goti lako linasemaje na baridi ya Boston? Wifi Irini na watoto hawajambo? Huku tu wazima, na Mama, pamoja na miaka yake themanini na sita, bado anagombana na redio.

Uliniandikia kwa uchungu kwamba lakrori ya Mama, ile pai yake ya tabaka nyembamba, itazikwa naye, kwa kuwa mikono inamtetemeka na hawezi tena kusukuma unga. Kaka, futa maneno hayo.

Nilikwambia habari za Marisel, yule mama Mfilipino tuliyemwajiri amtunze Mama kule kijijini. Mwanzoni walielewana kwa simu tu: Mama anasema, simu inatafsiri. Siku moja Mama alimwambia afungue majani, yaani atandaze zile tabaka za unga. Marisel akaenda zake bustanini, akaanza kubandua kabichi! Mama alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo simu ikawekwa kando, akamfundisha kwa macho na kwa kumwonyesha kwa fimbo.

"Nyembamba zaidi! Nataka niione pua yako upande wa pili!"

Na Mama naye kageuka. Asubuhi siku hizi anakula wali na yai, kama kwao Marisel. Mama yetu huyu huyu!

Jumapili kulikuwa na shindano la lakrori kijijini. Marisel alipofika mezani na sinia lake, jirani yetu Thomaidha akamzuia.

"Shindano ni la wanawake wa hapa. Huyu ni mfanyakazi tu."

Marisel akageuka aondoke. Mama akajikokota akasimama.

"Thomaidha, nimezaa wanne. Watatu wako ng'ambo, na huyu Polikseni hapa hajui hata kukanda. Aliyebaki nami jikoni ni Marisel. Hebu niambie, wa hapa ni nani?"

Thomaidha akampisha Marisel. Mimi niliona haya, kaka, lakini kifua kilinijaa fahari. Waamuzi wakaonja. Ilikuwa ya vitunguu vya majani na jibini, imeokwa kwa makaa chini ya kile kifuniko cha chuma cha bibi, tabaka zikivunjika kama barafu nyembamba. Marisel akapata nafasi ya pili! Mama alimpigia makofi kwa mikono ile ile inayotetemeka, mpaka wengine wote wakaacha na yeye bado anapiga.

Kesho yake nani kabisha hodi? Thomaidha, na mfuko wa unga kwapani.

"Kingo zako haziungui," akamwambia Marisel. "Unafanyaje?"

Marisel akamtazama Mama, akingoja ruhusa.

"Mfundishe," Mama akasema. "Lakini usimwambie yote."

Nisalimie Wifi Irini, Aleko na mdogo wetu Andromaqi mkionana. Mungu awalinde na njia zenu zote ziwe nyeupe.

Dada yako akupendaye daima,
Polikseni