Zamu ya maji ya nyumba ya mwalimu

Mdogo wangu mwalimu,

Mwanao alinipigia simu kutoka Newala, akaniambia wamekwisha kukuzika. Magoti yangu hayawezi tena safari ndefu, kwa hiyo nakuja kwa maandishi. Naiacha barua hii wazi ili wengine nao waisome, maana wazazi wa hapa huniuliza namna nzuri ya kumshukuru mwalimu, na jibu langu kila mara huanzia kwako.

Ulipanda kwetu, huku juu ya Maore, katika miaka ile ya shida. Duka la kijiji lilikuwa na rafu na muuzaji tu. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Darasa la kwanza lilikuwa limekaa muda mrefu bila mwalimu. Watoto walikwenda, wakacheza, wakarudi. Wewe uliwaketisha uwanjani, ukawafundisha kuandika mchangani kwa vijiti, kwa kuwa madaftari hayakuwapo. Kabla ya mavuno, Nakunda wangu alikuwa akisoma kwa sauti kila kilichoandikwa, hata maneno ya gunia nililotandika mlangoni. Nilisimama kumsikiliza mpaka mboga ikaungua.

Tulitaka kukushukuru. Shukrani tuliyoijua ilikuwa chakula, na chakula tulichokuwa nacho kilikuwa makande. Jioni moja uliletewa bakuli kutoka karibu kila nyumba, ukanijia huku unacheka. "Dada, nisaidie. Nikiyala yote nitapasuka, na nikirudisha bakuli moja mtasema nina dharau." Wengine waliwatuma watoto wakukatie kuni saa za masomo. Hao uliwarudisha darasani, kisha ukawaambia wazazi kwa upole, "Kuni nitaokota mwenyewe. Nileteeni mtoto aliyelala vizuri na kula."

Ulichokitaka ni bustani. Mshahara wako ulikuwa ukichelewa huko Same, na ulitaka kula kitu ulichokipanda kwa mkono wako. Kiangazi kikaja, mchicha ukanyauka. Maji yalipita kwenye mfereji karibu kabisa na nyumba yako, yakienda kwa wengine. Siku uliyoniambia kwamba likizo ikifika ungeshuka mjini kuomba uhamisho, hukulalamika hata kidogo. Ulisema tu, "Dada, nimechoka kuomba mboga." Nilipokutazama niliona darasa la kwanza likirudi kwenye kucheza.

Niwaeleze wasioijua milima yetu. Maji ya kijito hukusanywa usiku kwenye ndiva, bwawa la udongo tulilorithi, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu. Zamu hainunuliwi. Huipata nyumba inayotoa mtu siku ya msaragambo, yaani siku ya kazi ya wote, tunapoingia bwawani kutoa tope. Wewe hatukuwahi kukuita. Tulisema mwalimu ni mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima hashikishwi jembe. Kumbe heshima ile ndiyo iliyokukaushia bustani! Hapakuwa na mtu mbaya katika jambo hilo. Kila mmoja alidhani anakutunza.

Nilikwenda kwa Mzee Mbazi, aliyekuwa msimamizi wa maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi mwambieni aje na jembe."

Mkewe alishtuka. "Mwalimu aingie topeni? Watu watasemaje?"

"Watasema ni mtu wa hapa," alijibu mzee.

Ulikuja umefunga khanga kiunoni, ukaingia hadi magotini. Elinami, ambaye maneno hayakumwisha hata akiumwa, alipaza sauti, "Mwalimu, angalia, hilo ni jembe, siyo chaki!"

"Nalijua," ukamjibu. "Na wewe angalia, hilo ni tope, siyo dengelua. Usilizamie."

Ndiva nzima ilicheka, kwa kuwa pombe ile ya miwa Elinami aliipenda kupita kiasi. Tangu hapo hakuna aliyekuita mgeni. Mzee Mbazi alikupa zamu ya asubuhi, baada ya nyumba yangu, na mimi ndiye niliyekuonyesha jinsi ya kuziba mfereji kwa mgomba na udongo. Likizo ilipofika hukushuka mjini. Ulikuwa unapandikiza vitunguu.

Ulikaa mpaka miaka ya ruksa, sabuni iliporudi madukani na mitumba ikajaa gulioni. Nakunda alimaliza la saba mikononi mwako. Ulipoitwa nyumbani kumuuguza mama yako, Mzee Mbazi alikuuliza zamu yako unamwachia nani. Nilidhani ungenitaja mimi, na nakiri nilikuwa nimekwisha kuifikiria migomba yangu. Ukasema, "Iacheni kwa nyumba ile. Atakayekuja kufundisha aikute."

Mzee aliinamisha kichwa. Alisema hajawahi kusikia zamu isiyo na ukoo, akaikubali.

Siku hizi wazazi huchanga wakamnunulia mwalimu chupa ya chai, khanga, au saa ya ukutani. Siwakatazi, ni vitu vizuri. Ila huwaambia wamtazame kwanza huyo mwalimu, wajue anakosa nini, na wajiulize kama ni wao wanaomfungia mfereji. Mwingine amechoka na zawadi, anatafuta mtu wa kumwita kwenye kazi ya wote.

Juzi kijana aliyepangiwa nyumba yako, mwenyeji wa Kigoma, alichelewa kufika kwenye ndiva. Akina mama walimsema mpaka masikio yakamwiva. Akanigeukia, "Shikamoo, bibi. Kumbe huku walimu hamtuheshimu?"

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Tunawaheshimu sana. Ingia, tope linakungoja."

Pumzika, mdogo wangu. Udongo wa kwenu ukulaze vyema.

Dada yako wa huku mlimani,
Mama Nakunda