Pembe Nilizoziacha Mlimani

S.L.P. 61,
Dubois, Wyoming.
19 Oktoba.

Mpendwa mpwa wangu Janelle,

Hujambo, mwanangu? Mumeo Thaddeus hajambo? Na yule mtoto, meno ya juu yameshatoka au bado anawakesheza? Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto linanung'unika, lakini la kulia lina nguvu za kuyabeba yote mawili. Mama yako naye kifua kimetulia, anakula vizuri. Anachokula ndicho kilichonishikisha kalamu, ingawa unajua mimi na kalamu tuliachana darasa la nane.

Najua ameshakueleza kwa simu kwamba nilikwenda kuwinda. Lakini dada yangu husimulia kama mtu anayesoma risiti. Nisikilize mimi.

Kibali cha kuwinda kulungu kwenye lile bonde la juu hutolewa kwa bahati nasibu. Nimekiomba miaka kumi na minne, nikakosa kumi na tatu. Safari hii jina langu likatoka. Nilikuwa nimemwahidi mama yako kwamba friza yake itajaa kabla ya theluji kubwa. Mwaka jana, baada ya baba yako kufariki, alikula kuku wa dukani majira yote ya baridi na hakusema neno. Angenitukana ningepata nafuu.

Siku ya kuondoka nilipita kituo cha mafuta, nikamkuta jirani yangu Orrin Pugmire. Akaniuliza nakwenda na nani. Nikamwambia nakwenda na mtu ninayemwamini, yaani mimi. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Lyle," akasema, "utuletee pembe safari hii. Hadithi zako hazitundikiki ukutani."

Maneno hayo yalinikaa kichwani kilomita zote kumi na tano za kupanda. Mtu mwingine angetumia siku mbili. Mimi saa sita, na shanta lenye uzito wa ndama.

Siku tatu niliona majike tu. Ya nne asubuhi, darubini ikamkuta. Dume, amelala chini ya mwamba, pembe kama mti uliopukutika majani. Nilivua buti, nikatambaa kwa soksi juu ya mawe saa tatu nzima, maana masikio yale kama ya punda yanasikia hata unavyomeza mate. Mara mbili aliinua kichwa akatazama nilipo. Mara mbili niliacha kupumua. Aliposimama kujinyoosha nikafyatua risasi moja. Hakuna ya pili.

Nikatia alama ya tarehe kwenye kibali, nikakifunga kwenye pembe, nikaanza kuchuna haraka. Kwenye milima yetu siku hizi dubu akisikia bunduki anajua chakula kiko tayari. Miguu ya nyuma nikaitundika mtini kwa kamba. Mabega nikayaacha kwenye mfuko chini, kamba haikutosha.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na nakuandikia wewe kwa sababu babu yako alikufundisha hata wewe ukiwa mdogo: mzigo wa kwanza ni nyama, pembe hushuka mwisho. Mtu anayeshuka na pembe kwanza ametanguliza sifa mbele ya chakula, na hapa kwetu watu hawamwachii kiti. Nilijua. Lakini akilini nilimwona Orrin na kahawa yake, nikafunga kichwa na pembe zake mgongoni kwanza.

Sikufika hatua mia mbili. Nyuma yangu tawi likavunjika.

Nilipogeuka, alikuwa ameshika mfuko wa mabega, dubu wa kahawia mwenye nundu, ukubwa wa pikapu yangu ukiondoa magurudumu. Miguu ile miwili ilikuwa inaning'inia juu ya kichwa chake, na mimi mjinga nilikuwa nimeitundika chini mno. Akisimama tu anaifikia. Na angani kumeshakuwa kweusi, theluji imeanza. Kesho njia ingefungwa. Kichwa kile na miguu miwili haviingii kwenye mgongo mmoja, hata uwe mgongo wangu.

Nilisimama pale, Janelle, nadhani dakika moja. Ilikuwa ndefu kuliko ile miaka kumi na minne.

Nikakitua kichwa, nikakipachika kwenye panda ya msonobari. Bunduki begani, kopo la pilipili ya kumpulizia dubu mkono mmoja, kisu mkono mwingine, nikarudi kwa hatua ndogondogo huku nikisema naye kwa sauti ya kawaida, maana ukinyamaza anadhani unamnyemelea.

"Bwana mkubwa," nikamwambia, "mabega ni yako, sikudai. Miguu ni ya dada yangu."

Akagonga meno. Sauti ile bado naisikia nikinywa chai. Akanijia mbio, nikanyoosha kopo, kidole kikagoma kubonyeza. Akasimama. Pumzi yake ilinifikia. Kisha akageuka, akarudi kwenye mfuko wake, na akanipa mgongo kama mtu aliyechoka kusikiliza. Nikakata kamba.

Nilipita chini ya ule msonobari na miguu miwili mgongoni, sikuinua macho. Ningeinua, ningefanya ujinga mwingine. Theluji ilianguka siku mbili, na bonde likafungwa.

Jumapili mama yako alikaanga nyama kwa siagi na vitunguu. Orrin alijileta mwenyewe. Kabla hajakaa vizuri akauliza pembe ziko wapi. Nikasema ziko mtini. Akauliza mti uko wapi, akamkonyeza mke wangu Renae.

Mama yako akaweka uma chini, akaniuliza zilikuwa na upana gani. Nikafungua mikono, ikafika pale inapofikaga siku zote. Halafu, sijui kwa nini, nikairudisha ndani, viganja viwili hivi.

Akaitazama mikono yangu muda mrefu.

"Orrin, kula," akasema. "Ziko mtini. Miaka hamsini na mbili nimemjua kaka yangu, leo ndiyo mara ya kwanza naona mikono yake inarudi."

Nikajikatia kipande kingine.

Juni theluji ikiyeyuka nitazifuata, kama nungunungu hawajazitafuna. Friza ya mama yako haikujaa, lakini kuku wa dukani hatawaona mpaka Machi.

Msalimie sana Thaddeus, na mbusu mtoto. Renae anakusalimu, na Orrin pia, ingawa hajatubu. Mungu awalinde huko pwani, awape chakula kilichopatikana kwa haki.

Ni mimi nikupendaye kuliko pembe zozote za mlimani,

Mjomba wako,
Lyle Haskett