Siku Tatu Krumlov na Draha

Ijumaa, 14 Juni

Tumefika mji wa Krumlov. Chumba kimoja — kitanda kimoja! Mpwa wangu Markéta ndiye aliyetulipia, eti mimi na mama yake tupatane. Mama yake ni Draha, dada yangu. Hatujasemezana miaka sita. Tangu mlo wa uchumba wangu, alipomvuta mchumba wangu Otakar ukumbini, akamnong'oneza. Otakar akachukua kofia, akaenda zake. Nilikuwa na miaka hamsini na nane! Wachumba wa umri huo hawaji kwa foleni.

Draha amechukua upande wa dirishani. Anakoroma.

Jumamosi, 15 Juni

Mvua. Tumezungumza kupitia mhudumu: mwambie huyo mama asogeze chumvi. Maskini mhudumu, kichwa huku, kichwa kule!

Baadaye Draha akanigeukia mwenyewe. Akasema supu yangu inapoa. Nikaiacha ipoe kabisa, ndipo nikainywa.

Jumapili, 16 Juni

Naandika nikiwa kwenye kisiwa cha kokoto katikati ya mto Vltava. Daftari limepona, lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni wa mkate. Mimi nimelowa mpaka chupi.

Draha alikodi mtumbwi bila kuniuliza. Nikamwambia sisi wazee. Akasema: "Mto haukuulizi umri. Panda!" Nikapanda. Jamani, mbona nilipanda!

Mtoni kila mtu humsalimu kila mtu — ahoj! ahoj! — hata asiyemjua. Chini ya daraja mtumbwi mwekundu ukatupita. Mwanamume mwenye kipara akapunga kafi: "Ahoj, akina mama!"

Otakar!

Mbele yake mwanamke mnene alikuwa akimfokea: "Otakar, piga kafi! Miaka arobaini na moja ya ndoa, kushoto hukujui?"

Arobaini na moja. Hesabu ilinijia haraka. Nikasimama. Mtumbwini mtu hasimami. Tukapinduka, tukajikokota mpaka hapa kisiwani.

"Ulijua?" nilimuuliza Draha, nikitema maji.

Alikuwa anakamua sketi. "Niliwaona yeye na mkewe mjini Písek, sokoni, wameshikana mikono. Siku ya mlo wako nilimwambia aondoke mwenyewe, au nimtaje mkewe mezani."

"Na mimi hukuniambia!"

"Ungeniamini? Ungelia, halafu ungeona aibu mpaka kufa. Nikaona bora unichukie mimi. Angalau upate mtu wa kumtukana."

Na nimemtukana! Kwetu Budějovice mji mzima unajua kwamba dada yangu ana kijicho. Hata daktari wa meno nilimsimulia, vyuma vikiwa mdomoni. Miaka sita ameyasikia yote, kanyamaza.

Wanafunzi fulani walisogeza boti yao. Wakauliza: tuwavushe, bibi zetu? Draha akanitazama mimi.

Nikasema hapana, tunapumzika kidogo.

Wameshapita. Draha amekaa pale, kanipa mgongo, anatetemeka. Ana kiatu kimoja. Nimeshika penseli kwa sababu mdomo haujui uanzie wapi. Sasa ananiuliza naandika nini. Nimemwambia asogee, asome mwenyewe.