Taya la Mama Mdogo

Nyumbani, chumba cha nyuma ya saluni,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Barua hii ikufikie ukiwa mzima, umeshiba, na soksi zako umezifua mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Kifua kinaendeleaje? Ile baridi uliyosema inakuingia mpaka kwenye uboho imepungua? Mimi sijambo. Magoti yananilalamikia kwa kusimama kutwa nikisuka, lakini goti la msusi lisilolalamika sijalisikia bado. Mama naye mzima, anakuombea, na kila siku ananiuliza kama huko kwenu kuna jua.

Uliniuliza habari za mama mdogo. Ukasema baba mdogo alikupigia simu akakwambia mkewe anaoza mdomo, ni saratani, mwaka haumalizi, na usijisumbue kuja. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu roho ilikuwa inanichafuka. Si kwa ugonjwa. Ugonjwa nimeuona kwa macho haya na kuusafisha kwa mikono hii. Watu ndio walionichefua. Kaa kitako nikueleze toka mwanzo.

Sauti ya mama mdogo unaijua. Pale sokoni kwenye mnada wa mitumba wenzake walinunua vipaza sauti, yeye akacheka tu. "Gauni hili limetoka kwa tajiri limenuna, nani analibembeleza?" Watu walikuwa wanaacha chai yao kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara, wanakuja kusikiliza hata kama hawanunui. Kinywa ni jumba la maneno, na lile lake lilikuwa la ghorofa.

Mwaka juzi jino lake la nyuma, chini kushoto, likaanza kucheza. Halikuuma. Kwenye fizi palikuwa na uvimbe mdogo kama harage. Kwa kuwa hakukuwa na maumivu, akaendelea kunadi. Uvimbe ukakua polepole, mpaka shavu likawa kama la mtu aliyeficha limau. Wateja walipomtania, akawajibu: "Nimeweka akiba ya maneno, yenu yakiisha mje kukopa."

Baba mdogo ndiye aliyempeleka kwa Koleo. Wewe humjui, alianza kazi baada ya wewe kuondoka. Ana kibanda karibu na machinjio, anang'oa meno. Mezani ameweka kopo la meno ya watu, eti ndilo tangazo lake, na nzi wametua juu wanasoma. Koleo lenyewe, lililompa jina, analifutia kitambaa kile kile anachofutia jasho la kwapa. Akasema ni wadudu wa meno. Akang'oa matatu, matundu akayajaza unga mweusi ambao mpaka leo hataki kuutaja.

Matundu hayakufunga. Yakatoa usaha, na usaha ukatoa harufu ambayo sina neno lake. Nilikuwa naenda kila asubuhi kabla ya kufungua saluni, namsukutulisha maji ya uvuguvugu yenye chumvi, natoa uchafu kwa pamba. Siku ya kwanza nilitoka nje nikatapika kwenye mtaro. Nikanawa uso, nikarudi ndani. Baada ya siku chache pua ikazoea, nikawa namwona mama mdogo tu, si kidonda.

Baba mdogo yeye hakuzoea, wala hakujaribu. Alimhamishia chumba cha stoo, akamlaza juu ya marobota ya mitumba. Akamtengea sahani na kijiko, kijiko amekifunga uzi kisije kikachanganyika na vingine. Watoto wakakatazwa kumwamkia kwa mkono. Akiongea naye anasimama mlangoni, leso puani. Na wakati huo wote mdomo wake wa chini umetuna tumbaku ya kutafuna! Anafyonza, anatema ute wa rangi ya kutu kwenye kopo chini ya kiti, na kopo hilo, miaka yote ya ndoa yao, mmwagaji ni mama mdogo. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa amelikalia.

Dada wa baba mdogo naye akaja na mkokoteni. Akaziba pua, akachukua marobota mawili kutoka pale pale mgonjwa alipolala. "Yasije yakashika harufu," akasema, kama vile anaokoa yatima. Mama mdogo akamwangalia tu. Kuongea kulikuwa kunamtia aibu, maana mate yalikuwa yanamponyoka. Kuna kijana wa duka la simu alidiriki kumpiga picha kupitia dirishani. Nilimtemea mate miguuni. Usinishauri niombe radhi.

Siku ile ile ya marobota nilimvika kanga na kumchukua. Baba mdogo hakuuliza tunakwenda wapi. Aliuliza tunarudi saa ngapi na ufunguo wa stoo.

Tulikwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa taya. Ni mama mmoja mfupi, anavaa raba, anatembea kama anayewahi basi. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hakuziba pua. Alivuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akasema, "Shikamoo mama, naomba uniazime mdomo wako." Akaubonyeza uvimbe nje na ndani, akaangalia shingo, akampeleka eksirei. Kwenye ile picha, mfupa wa taya upande wa kushoto ulikuwa kama povu la sabuni, vijitundu vikubwa kwa vidogo. Nikamuuliza kama ni saratani.

"Sikipi jina kitu ambacho sijakipima," akasema. Akakata kinyama kidogo, kikapelekwa maabara.

Kusubiri majibu kulitutoa jasho. Mama mdogo alikuwa ameshaniambia gauni la kuzikwa nalo, na alilichagua kama analinadi kweli, akanisifia mpaka pindo. Majibu yalipotoka daktari akatuita ndani akafunga mlango.

"Si saratani," akasema.

Alitueleza taratibu, nami nakueleza vile vile. Kuna uvimbe wa kinywa na taya ambao ni saratani: huo huingia kwenye nyama, huhamia kwenye tezi za shingo, na ukiachwa husafiri hata mapafuni. Kuna mwingine ambao si saratani, hausafiri hivyo, lakini usiudharau. Huu wa mama mdogo ulikuwa umekaa palepale kama mpangaji asiyehama, huku unakula nyumba. Mfupa ulikuwa umebaki mwembamba kama ganda la yai. Ukikwanguliwa juu juu, unaweza kurudi. Dawa ni kuukata pamoja na kipande cha mfupa mzima pembeni yake. Na ile harufu? Haikuwa ya uvimbe. Ilikuwa ya matundu ya Koleo na unga wake.

Nilikaa pale nikifikiria sahani, kijiko, leso, marobota.

Mama mdogo aliuliza neno moja tu: "Nitanadi?"

"Utaongea," daktari akasema. "Kunadi, hilo utakuja kunionyesha wewe."

Walimpasua. Wakatoa karibu nusu ya taya la chini, wakaweka chuma chembamba kilichopindwa kufuata uso. Siku za mwanzo alikuwa na mpira puani wa kulishwa uji, uso umevimba, macho tu ndiyo yake. Lakini harufu ilikuwa imekwisha kabisa. Nililaza kichwa karibu na shavu lake nikanusa kama mama anayenusa mtoto aliyetoka kuoga.

Baba mdogo alikuja wodini mara moja. Alifuata ufunguo wa stoo. Alisimama mwisho wa kitanda, leso puani kwa mazoea, akaongea na mimi badala ya mkewe. Kisha akatema tumbaku yake kwenye pipa la pamba chafu. Daktari alikuwa kitanda cha pili. Akageuka.

"Baba, hebu fungua mdomo nione."

"Mimi siumwi. Mgonjwa ni yule."

"Nimeomba mdomo, sikuuliza mgonjwa."

Mama mdogo hakuweza kusema, akagonga chuma cha kitanda kwa kiganja, paa, paa, kama anayefunga bei. Kwa aibu mzee akafungua. Daktari akavuta mdomo wa chini. Pale tumbaku inapolala palikuwa na baka jeupe, na katikati kidonda chekundu, kidogo kama kifungo cha shati, kingo zake ngumu. Mzee akasema kina miezi, hakiumi, ndiyo maana hakujali. Daktari akapapasa shingo yake, akakuta tezi moja. Akaacha utani.

Kile cha kifungo ndicho kilichokuwa saratani, Kijiti. Ule uvimbe uliowakimbiza watu na kuleta mkokoteni haukuwa.

Baba mdogo wamemkata sehemu ya mdomo na fizi, wakatoa na tezi za shingo. Sasa anakwenda mionzi. Daktari anasema wamewahi, ingawa angependa wangewahi zaidi. Mdomo wake umejaa vidonda vya mionzi na unanuka. Dada yake mwenye mkokoteni hajaonekana, anatuma salamu kwamba ana malaria, na malaria hiyo haiponi.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo tulipogombana na mama mdogo. Mama mdogo anakaa kwangu. Siku mionzi ilipopangwa akajifunga kanga akaniambia, "Nitampeleka. Nyumbani kwake sirudi." Herufi nyingine zinamtoka na upepo kidogo, kama birika likikaribia kuchemka, lakini neno linaeleweka.

Nikamaka: "Mtu aliyekulaza na mitumba!"

"Njia ya kule naijua mimi. Yeye hata mlango haujui. Sijasema nimemsamehe. Nimesema nitampeleka."

Na anampeleka. Anampitia getini, haingii, wanaongozana. Wiki iliyopita nikawasindikiza. Kwenye benchi la kusubiri, mama mmoja aliyevaa vizuri akanyanyuka kando ya baba mdogo, akaziba pua kwa mkoba wake, akasema kwa sauti watu kama hawa wangetengewa chumba chao. Baba mdogo akainamisha kichwa. Sitakudanganya, nilisikia raha, nikangoja aonje alichompikia mwenzake.

Mama mdogo akasimama. Shavu moja limebonyea, kovu linang'aa mpaka chini ya sikio. Akavuta pumzi, na sauti ikatoka, Kijiti! Yenye ufa, lakini ile ile, mpaka dirisha la dawa wakageuka.

"Mama, ugonjwa wake hauambukizi! Hiyo sura unayomkunjia ndiyo inaambukiza, na mimi niliambukizwa nayo nyumbani kwangu, najua inavyouma! Kaa!"

Yule mama akakaa. Baba mdogo alilia bila sauti, mate yakimchuruzika, na mama mdogo hakumfuta. Alimpa leso ajifute mwenyewe. Mimi sikumhurumia. Bado namwonea kinyaa, tena si kwa kidonda. Labda kitaniisha, labda hakitaniisha, usiniulize kwenye simu.

Sasa ninalotaka kwako. Najua baba mdogo ndiye aliyekufundisha kuweka tumbaku chini ya mdomo, na najua hukuacha, maana kwenye ile picha uliyotuma mdomo wako wa chini umetuna. Simama penye mwanga na kioo. Vuta midomo yote, angalia fizi, mashavu kwa ndani, inua ulimi uangalie chini yake, papasa shingo. Ukikuta baka jeupe au jekundu, uvimbe, au kidonda ambacho wiki mbili au tatu hakijapona, usijiulize kama kinauma. Nenda kwa daktari. Na hiyo tumbaku itupe leo. Katika ukoo huu nimeshachukizwa vya kutosha, sitaki nianze na wewe.

Mama anakusalimu. Mama mdogo anakusalimu, amesema ukija umletee koti, atalinadi mbele yako. Msaidizi wangu wa saluni anakusalimu ingawa hamjuani. Baba mdogo hakutuma salamu, na mimi sikumwomba. Mungu akulinde uendako na urudipo, akuachie meno yako yote na ulimi wa kutuita kwa majina yetu.

Wako akupendaye, hata akinuna,
Dada yako, Msusi.