Kimo cha Harthwaite

London, 12 Agosti 1969

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na kwa sauti ya chini, kwa kuwa najua bado umenuna. Kifua kinaendeleaje? Mama ameniandikia kwamba kikohozi cha vumbi kimepungua tangu jua litoke, na kwamba njiwa wako wawili walichelewa kurudi kutoka mashindanoni, ukawasubiri uani na kofia kichwani hadi chakula kikapoa. Nimefurahi kusikia walirudi. Mimi ni mzima. Mwenye nyumba wangu bado anachemsha kabichi hadi isahau kwamba iliwahi kuwa mboga, lakini nanenepa, na kazi yangu naipenda.

Mama ananiambia na mengine. Kwamba wimbo wetu ukianza redioni unainuka kwenda kuizima. Kwamba mwezi ujao, bendi itakapopokea matarumbeta mapya, wewe utarudisha lako la zamani pamoja na kiti chako cha mbele, na baada ya hapo hutapuliza tena chochote. Na kwamba ulimwambia Mzee Seth Hinchliffe dukani, watu wakisikia, kuwa binti yako aliishusha bendi ya mgodi wa Harthwaite mbele ya watu wa London. Baba, neno hilo limeniuma. Barua hii ni ya kulijibu, na nakuomba uisome yote kabla hujaitia jikoni kuwashia moto.

Turudi kwenye siku ile ya Machi. Bwana Pemberton, anayesimamia rekodi zetu, alitaka matarumbeta kwenye wimbo wa akina Julian Fairclough, wale vijana wa nywele ndefu na mashati ya maua. Nikamwambia aachane na wapigaji wa kukodi wa hapa mjini, ambao hutazama saa ya ukutani zaidi kuliko nota. Baba yangu, nikasema, anaongoza bendi ya wachimba makaa. Akaniuliza kama wachimba makaa wanajua kusoma muziki. Nikamjibu kwamba wanausoma vizuri kuliko Julian anavyosoma saa, kwa sababu siku hiyo Julian alikuwa bado hajafika kazini.

Mkaja na basi lenu na vikapu vya mikate ya nyama. Tarumbeta la besi la Seth likakwama mlangoni, naye akawaambia wafanyakazi wetu kwamba tarumbeta halina kosa, aliyejenga mlango ndiye aliyebana matumizi. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Sijui kama uliona jinsi nilivyojivuna siku ile. Nilitembea kwenye korido mbele yenu kama vile studio ni ya ukoo wetu. Ukanishika bega, ukaniambia, "Tumekuja kupiga, Maureen. Hatukuja kushushwa." Nikaitikia.

Kisha Julian akagonga kinanda, nanyi mkapuliza sauti ileile, na kila aliyekuwa mle ndani akakunja uso.

Mimi na wewe tunajua sababu, lakini wao hawakuijua. Matarumbeta ya bendi zetu za kaskazini yalitengenezwa enzi za babu, yakawekewa kimo cha sauti kilicho juu kidogo kuliko cha vyombo vya watu wengine, na huko juu yakabaki. Tofauti yenyewe si kubwa. Ni kama mtu anayetembea mguu mmoja barabarani na mwingine kwenye ukingo. Lakini mkipiga pamoja na kinanda cha London, sikio linachechemea.

Julian akasema, kwa ile sauti yake ya kupitia puani, kwamba labda wazee wamechoshwa na safari. Seth akamjibu kwamba bendi hii ilikuwa ikibeba vikombe wakati baba yake Julian bado ananyonya, na kwamba kinanda chao ndicho kilicholala, wakiamshe. Mtu mmoja wenu nyuma, nadhani ni Clem, akauliza kama zile nywele hazijamziba masikio yule kijana. Hata hivyo mlivuta mabomba ya kurekebishia sauti hadi mwisho, kwa adabu tu, na bado mkawa juu yao.

Hapo Bwana Pemberton akaniangalia, kwa kuwa anayeendesha mashine ya kurekodia ni mimi. Utepe wa kurekodia ukizungushwa haraka, kila kilichomo hupanda sauti na kukimbia kidogo. Ukizungushwa polepole, kila kitu hushuka na kuwa kizito. Kwa hiyo niliongeza mwendo wa utepe ambao akina Julian walikwisha kurekodia, magitaa yao yakapanda hadi yakawafikia ninyi, nanyi mkapiga juu yake kwa kimo chenu wenyewe, bila kuchechemea. Mlipiga, Baba, hadi Julian akakaa chini. Alisema hajawahi kusikia watu kumi na wanane wakipumua kwa pamoja, na nilimsamehe mengi kwa neno lile.

Baada ya hapo Bwana Pemberton akawaita nyote chumba cha mitambo msikilize, akaagiza utepe urudishwe mwendo wake wa kawaida. Magitaa yakarudi chini yalikotoka. Nanyi mkashuka nayo. Matarumbeta yakatoka mazito na ya kiza, kama bendi iliyokwisha kula chakula cha Jumapili na pudini juu yake. Vijana wakapiga makofi, wakasema ni sauti ya ajabu. Wewe ukavaa kofia yako. Ulipita mbele yangu ukaenda kukaa kwenye basi, na nilipokufuata dirishani ukatazama mbele.

Tangu siku hiyo hujaniandikia hata mstari mmoja. Mama anasema nikuache, hasira zako huisha zenyewe, lakini pia anasema kwamba ukizima redio jikoni huwa unabaki umesimama hapo, mkono juu yake. Kisebusebu na kiroho papo, Baba. Basi ngoja nikwambie usichokijua, maana hukubakia kukiona.

Wimbo ulikuwa haujaisha kutengenezwa. Wiki mbili baadaye tulikaa kutoa nakala ya mwisho, ile inayopelekwa kiwandani kuchapiwa santuri. Bwana Pemberton akausikiliza kwa mwendo wa kawaida, akasikiliza tena, akaguna. Akasema umelala. Akasema uchangamshwe kidogo, niupandishe mwendo taratibu na yeye ataniambia pa kusimama.

Nikashika kitufe. Sikuwa na kipimo chochote mbele yangu. Lakini nilipokuwa na miaka kumi nilikuomba tarumbeta, ukanijibu kwamba bendi si ya wasichana, na kwa kuwa sikupewa la kupuliza nililala kitandani kila jioni nikikusikia kupitia ukuta, ukitafuta ile sauti yako ya kwanza kabla ya mazoezi. Miaka yote ile, sauti ileile. Nilikukasirikia sana, nawe hukujua, na nilijifunza sana, nawe hukujua hilo pia. Basi nilizungusha kitufe polepole hadi tarumbeta lako likafika kwenye ukuta wa chumba changu. Hapo nikautoa mkono.

Bwana Pemberton akaruka kitini. Akasema, "Hapo hapo, usiguse tena." Akasema sasa wimbo umeamka. Akatia sahihi kwenye boksi la utepe, akaenda kula. Hakuniuliza kwa nini nilisimama pale, nami sikumweleza.

Umeelewa, Baba? Ulichokisikia chumba cha mitambo sicho kilichotoka. Kwenye santuri, na kwenye hiyo redio unayoizima, ninyi mko palepale mlipokuwa mkipuliza, kwa mwendo mliopigia na kwa kimo mlichopigia. Hamkushuka. Ni wao waliopanda. Magitaa yamepanda, kinanda kimepanda, na Julian mwenyewe anaimba juu kuliko alivyojaliwa, naye huwaambia waandishi wa magazeti kwamba mwaka huu sauti yake imefunguka. Juzi alikwenda kuimba kwenye televisheni akahangaika kuufikia wimbo wake mwenyewe, akalaumu mafua. Vijana wanaojifunza gitaa wanatuandikia kutoka Leeds na Bristol na hata Glasgow, wakilalamika kwamba wimbo haulingani na nyuzi zao, ziwe za gitaa lolote. Inawabidi wazikaze. Nchi nzima inakaza nyuzi ili ifike Harthwaite, na hakuna anayejua ila mimi, na sasa wewe. Usimwambie Seth, maana kumwambia Seth ni kubandika tangazo kanisani.

Matarumbeta mapya yatakuja, hilo siwezi kulizuia. Viwanda vimeacha kutengeneza ya kimo chetu, na ninyi mtalazimika kuwa kama watu wengine. Kama unataka kuacha kiti kwa sababu hiyo, ni haki yako. Usikiache kwa sababu yangu.

Ila kabla hawajalichukua lile lako la zamani, nakuomba jambo moja. Redio hupiga wimbo wetu karibu kila adhuhuri. Siku moja usiizime. Simama jikoni na tarumbeta lako, usivute bomba hata kidogo, upulize pamoja nao. Kisha uniandikie ulichosikia.

Nisalimie Mama na goti lake, Shangazi Ivy, na wazee wote wa bendi.

Ni mimi binti yako, uliyenifundisha bila kutaka,

Maureen