Zile Karatasi Mbili Nyeusi

Mama yangu,

Muga! Nakusalimu kwa Kimeru chetu kutoka huku mbali. Natumai huko Ruiri mmeamka salama, goti lako limepoa, na yule ng'ombe hajakupiga teke tena. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na leo shukrani zingine ni zako.

Unakumbuka siku ya kuniaga ulivyofunga viatu vyangu, kila kimoja na karatasi yake ya nailoni, ile ya kubebea vitu vya dukani? Zile mbili nyeusi za mwisho, za kabla serikali ipige marufuku, ulizokuwa unafua na kuanika kwa kamba pamoja na nguo za kanisa. Nikakuuliza, "Mama, nikishikwa nazo kiwanja cha ndege nitasema nini?" Ukanijibu, "Sema ni za mamako." Haki nilicheka.

Wiki iliyopita theluji ilianguka hapa mpaka mabasi yakasimama. Yule mama mzee ninayemtunza anaishi peke yake, na bila mimi hawezi kutoka kitandani wala kumeza dawa. Ilibidi nitembee, na buti zangu zimepasuka soli. Nikajaribu karatasi za duka la huku. Wee! Zinararuka ukiziangalia tu. Nikatoa zako. Nikavaa soksi, karatasi juu yake, nikafunga fundo vile ulikuwa unatufunga tukipeleka maziwa wakati wa matope. Nikaingiza buti, nikaenda nikiomba njia nzima.

Nilimkuta analia, akidhani ameachwa. Alipoona miguu yangu akaanza kucheka na machozi bado yako usoni. "Nani alikufundisha hiyo?" Nikamwambia ni mama. Akasema nikupe asante yake, na yangu ni kubwa zaidi. Asante, mama.

Lakini ndugu yangu Mwenda ameniambia kwa simu kwamba siku hizi ukienda kukama na mvua inanyesha, unajifunika gunia. Kumbe ulinipa zile za kufunika kichwa chako! Nililia, siwezi kukuficha.

Nimekununulia koti la mvua. Binti wa mchungaji atakuletea akija Krismasi. Nimelifunga na gazeti, asije akashikwa.

Nisalimie baba, nyanya, na shangazi wa Makutano anayeuza mitumba. Mwambie bado navaa ile sweta yake.

Na hilo koti ulivae, mama. Nikisikia umelikunja ukaliweka chini ya godoro, nitakuja nikuvalishe mwenyewe.

Ni mimi bintiyo Kinya, mwenye miguu mikavu.