Nyota Hii Ilizaliwa Saa Ngapi

Leeds, 12 Februari 1997

Mama mpendwa,

Chamgei. Habari za hapo Sosiot? Na nyanya yangu, Kogo, anaendeleaje na miguu yake? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Nalala na soksi mbili.

Uliniuliza ninasoma nini hasa, upate kumjibu pasta. Natengeneza mchezo wa kompyuta. Usicheke. Wachezaji wanakaa miji tofauti, kompyuta zao zimeunganishwa kwa laini za simu, na kila mmoja anaendesha chombo chake kati ya nyota milioni moja. Nyota hizo hazijahifadhiwa popote, hakuna diski ambayo ingezitosha. Kompyuta ina kanuni tu: mchezaji akikaribia, inakokotoa namba, na kutokana na namba hiyo inaumba nyota, rangi yake na sayari zake. Akiondoka inaisahau. Akirudi inaiumba tena.

Shida ni kwamba haiumbi ileile. Kanuni yangu hutoa namba kwa foleni: nyota ya kwanza kutembelewa inapewa namba ya kwanza, inayofuata namba ya pili. Basi wachezaji wawili waliopita njia tofauti wakikutana mahali pamoja, mmoja anaona nyota nyekundu, mwenzake anaona ya buluu. Nimehangaika wiki tatu. Nisipoirekebisha kufikia mwisho wa Aprili, narudi nyumbani bila digrii, na sijui nitawatazamaje wale wote walionichangia tiketi.

Niombeeni.

Binti yako,
Chepngetich


Sosiot, 9 Machi 1997

Chepngetich mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mvua imeanza, chai imechipuka mpaka kikapu hakitoshi, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Miguu ya Kogo bado imevimba, lakini mdomo wake haujaumwa hata siku moja.

Barua yako nilimsomea akichambua maharagwe. Yaliyonishinda niliyaruka, ila hiyo habari ya foleni aliishika. Aliacha maharagwe akacheka mpaka nikakasirika kwa niaba yako. Nakuandikia kama alivyosema:

"Hiyo mashine inapea mtoto jina kufuatana na wageni? Mwambie mimi nimepokea watoto wa Belgut miaka hamsini na sijaandika hata mmoja. Nitaandika na sijui kuandika? Wewe niambie tu alizaliwa saa gani, mimi nakuambia jina. Ng'ombe wakienda malishoni, huyo ni Chepngetich. Mbuzi wakirudi, ni Cherono. Mvua ikinyesha, ni Cherop. Mgeni akuje leo, akuje mwaka ujao, aanzie kwa jirani ama kwetu, atapata jina ni lile lile. Jina linatoka kwa kuzaliwa kwa mtoto, si kwa mgeni."

Sijui kama itakusaidia. Alinisimamia mpaka nikafunga bahasha.

Mama yako,
Elmina


Leeds, 28 Aprili 1997

Mama, msomee Kogo barua hii kabla ya kufanya lolote.

Hamjambo? Ndama amekua?

Kogo, mchezo wangu umepita! Barua ilipofika nilisoma maneno yako nimesimama mlangoni, nikakimbilia chumba cha kompyuta bila koti. Niliivunja foleni. Sasa kila nyota inapata namba yake kutokana na mahali pake penyewe angani; haijalishi ni nani amefika wala amepitia wapi. Kinachoandikwa ni kile tu ambacho mchezaji amekibadilisha. Mengine yote kanuni inayaumba upya, vilevile.

Kujaribu, nilimpigia simu rafiki yangu Apiyo, anayesoma Glasgow. Nilimtajia mahali, kila mmoja akaenda kwa njia yake. "Naona nyekundu," akasema, "ina sayari nne, moja ina pete." Nikaangalia kioo cha kompyuta yangu: nyekundu, nne, pete. Nililia, Kogo, mpaka Apiyo akadhani nimeumia.

Mwalimu aliuliza nimetoa wapi wazo hilo. Nikamwambia, kwa mkunga wa Sosiot. Kwenye ukurasa wa shukrani jina lako ndilo la kwanza. Kongoi, Kogo, kongoi sana. Ulinipokea siku niliyozaliwa, na mwaka huu umenipokea tena.

Nimebakiza mtihani mmoja, tarehe tano Juni. Julai niko nyumbani.

Mjukuu wako na binti yenu,
Chepngetich


Sosiot, 7 Juni 1997

Mwanangu,

Natumaini u mzima na mtihani umekwisha. Nimengoja uishe ndipo niandike.

Kogo ametuacha, tarehe ishirini na tatu Mei, asubuhi, ng'ombe wakienda malishoni. Barua yako aliisikia. Nilimsomea mara tatu, na kila nilipofika pale pa jina lake kuwa la kwanza alinisimamisha nirudie. Ni yeye aliyekataa tukupigie simu alipozidiwa. "Mwache amalize," alisema.

Pasta alitaka kuandika kwenye karatasi ya ibada idadi ya watoto aliowapokea. Hakuna aliyejua. Basi pale kaburini akasema, "Aliyepokelewa na mikono ya mama huyu, anyooshe mkono." Mimi nilidhani ni watu ishirini. Chepngetich, ni mlima mzima ulionyoosha! Wachuma chai, mwalimu mkuu, karani wa kituo cha majani ya chai, wanaume wenye mvi, watoto wote watatu wa Wanjuhi mwenye duka.

Pasta akaikunja karatasi yake, akaanza kuwaita kwa saa zao. Waliozaliwa alfajiri wakaitika. Waliozaliwa mvua ikinyesha wakaitika. Waliozaliwa mbuzi wakirudi wakaitika.

Mimi nimeolewa hapa, hakunipokea. Lakini walipoitwa wa ng'ombe kwenda malishoni, nilinyoosha mkono juu kabisa nikalitaja jina lako.

Mama yako,
Elmina